Mafunzo Niliyopata kwa Kuupiga "Malaika"

Nimekula kwa gitaa tangu ujana wangu. Nilianzia katika bendi za hoteli za pwani ya Kenya, Bamburi na Diani, nikaendelea na harusi na sherehe za mashule, na siku hizi nafundisha vijana barazani kwangu. Kati ya nyimbo zote zilizopita mikononi mwangu, hakuna ulionifundisha kazi hii kama "Malaika". Fadhili William na bendi yake ya Jambo Boys waliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi za santuri, na mpaka leo sijaingia ukumbi ambao ukipigwa watu hawageuzi nyuso. Enzi ile zilitoka nyimbo nyingi zenye magitaa matamu na waimbaji hodari, redio ikazipiga kutwa, kisha zikapotea. Huu umebaki.

Ninaowaandikia ni ninyi mnaotunga. Najua kila mmoja wenu anataka kuacha nyuma wimbo ambao utaimbwa na watu asiowajua, katika nchi ambazo hatafika. Ni tamaa njema, wala sitaki ipungue hata kidogo. Nataka tu muione kwa karibu kazi iliyofanyika ndani ya wimbo mmoja uliofika huko.

1. Wimbo wa ndoa iliyokwama huombwa harusini

Hili lilinishangaza kuliko yote, na nililiona kwanza Voi, katika harusi ya Wataita. Chakula kilikuwa kimeshaliwa, zawadi zinaanza kupangwa. Mjomba wa bibi harusi, mzee aliyekuwa ameiweka kofia yake gotini tangu asubuhi, akamtuma mtoto kwetu kuomba "Malaika". Kiongozi wa bendi akasita. Akatunong'oneza kwamba ile ni habari ya kijana aliyempenda msichana akashindwa kumwoa kwa kukosa mali. Tutauimbaje mbele ya watu waliotoka kufunga ndoa? Tutaonekana tunawatakia mkosi. Tukaanza wimbo mwingine. Mzee akainuka, akaja mwenyewe mpaka jukwaani.

"Mwanangu," akamwambia kiongozi wetu, "mahari ya hawa tumeizungumza tangu mwaka jana. Nusura ivunjike. Wewe piga tu."

Tukapiga. Wazee ndio walioimba kwa nguvu, wakiwashinda vijana. Bwana harusi alikuwa ameinamia meza, anaizungusha pete kidoleni, pete ambayo bado hajaizoea. Mama mmoja kwenye meza ya upande wa bwana harusi akamnyooshea mjomba kidole huku anacheka na kuimba, na mjomba akamwinulia kofia. Nadhani hao wawili ndio waliovutana siku za posa.

Tangu siku hiyo nimeupiga katika harusi nyingi nisizokumbuka hata idadi, na sijawahi kumsikia mtu akilalamika. Walioko pale hawausikii kama habari ya kushindwa. Wanasikia jambo ambalo lingeweza kuwapata wao, au liliwapata walipokuwa vijana, na leo wamekaa upande wa salama. Furaha ya harusi ina hofu ndani yake, hofu ya fedha, ya wazazi, ya maneno ya watu, na wimbo huu unaitaja hofu hiyo bila kuificha.

Tazameni basi mtunzi alichokichagua. Amechukua shida moja tu, inayojulikana karibu katika kila nyumba ya Afrika Mashariki. Miaka hiyo vijana walikuwa wakimiminika Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kutafuta kazi za mshahara, na wengi wao hesabu ya kwanza kichwani ilikuwa mahari. Kijana wa wimbo huu hamlaumu baba wa msichana. Hamtukani tajiri. Hamwambii msichana kwamba ana tamaa. Anasema tu hali yake na upendo wake, basi. Zaidi ya hapo, mtunzi hakutuambia mwisho. Alimpata au hakumpata? Hatujui, na kwa kuwa hatujui, kila msikilizaji anaumalizia wimbo kwa maisha yake mwenyewe.

Wanafunzi wangu wakiniletea nyimbo za mapenzi, mara nyingi nakuta shida sita ndani ya ubeti mmoja: usaliti, umaskini, marafiki wanafiki, simu isiyopokelewa, mama mkwe, na Mungu ambaye ndiye ajuaye. Nawaambia wachague moja. Waishike mpaka mwisho, na wasimhukumu mtu yeyote njiani.

2. Wimbo wa polepole usiuharakishe

Katika hoteli moja ya pwani ya kusini, meneja alitaka wageni wasimame wacheze kabla ya saa nne usiku. Akamwita kiongozi wetu na kumwambia "Malaika" unalaza watu, uchangamsheni. Mpiga dramu akauvalisha mapigo ya chakacha. Wageni walipiga makofi, wakarudi kwenye sahani zao. Hakuna aliyeudhika na hakuna aliyeguswa. Kitu kimoja tu kilinivuta macho: wapishi na wahudumu, ambao kwa kawaida wimbo huu ukianza husogea mlangoni hata kwa ubeti mmoja, safari hii hawakusogea. Waliendelea kubeba vyombo.

Usiku huohuo, mpiga dramu alipokwisha kuondoka kuwahi feri ya Likoni, walibaki wageni wachache kando ya baa wakaomba tuwapigie wimbo mmoja wa mwisho. Tulikuwa magitaa mawili na mwimbaji. Tukaupiga "Malaika" kwa mwendo wake, polepole, bila maiki. Mhudumu wa baa alikuwa anafuta glasi. Akaishika ile glasi mkononi na kitambaa chake ndani, hakuifuta wala hakuiweka chini mpaka tulipomaliza. Mlango wa jikoni ukafunguka. Wakaja wote.

Nimefikiri sana juu ya tofauti ya ile mipigo miwili. Kodi za wimbo huu kwa hakika ni tatu tu, zilezile anazofundishwa mwanafunzi wa gitaa wiki ya kwanza. Mahadhi yake hayapandi kupita kiasi wala hayashuki kupita kiasi, kwa hiyo mama anayepika anaweza kuuimba bila kukauka koo. Uzuri wake wote uko katika nafasi. Maneno yetu huishia kwa irabu, na irabu huvutika. Mwimbaji akifika mwisho wa mstari anaweza kuiacha sauti isimame kidogo hewani, gitaa likamjibu, kisha akaendelea. Lile jibu la gitaa ndipo msikilizaji anapopumua na kumkumbuka mtu wake. Ukiongeza kasi, nafasi ile inafungwa. Maneno ni yaleyale, kodi ni zilezile, lakini msikilizaji amenyang'anywa mahali pa kukaa.

Ndiyo maana barazani kwangu hairuhusiwi kuanza wimbo mpya na dramu wala kinanda cha kompyuta. Anza na gitaa moja na sauti moja. Wimbo ukisimama hapo, mengine yatakuwa mapambo. Usiposimama, mapambo hayatauinua.

3. Kila mgeni alikuja na "Malaika" wake

Hotelini nilijifunza historia ya wimbo huu bila kufungua kitabu, kwa kuwasikiliza wageni wakibishana nasi. Wajerumani walituambia kwa uhakika kabisa kwamba ni wimbo wa Boney M, kundi lile la Ujerumani Magharibi la mtayarishaji Frank Farian, kwa sababu kundi hilo liliutoa mwaka 1981 na wao ndipo walipousikia. Wamarekani wa umri fulani walimtaja Harry Belafonte na Miriam Makeba. Na kwa hakika wawili hao waliuimba pamoja katika albamu yao ya mwaka 1965, "An Evening with Belafonte/Makeba", iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Waliokuja kutoka Ufaransa na Afrika Magharibi, hasa baada ya mwaka 1991, walimtaja Angélique Kidjo wa Benin, aliyeuweka katika albamu yake "Logozo". Familia za Kihindi za Nairobi na Mombasa zilituuliza kama tunaweza kuupiga kama Usha Uthup, mwimbaji wa India ambaye ameuimba majukwaani kwa miaka mingi.

Aliyenishangaza zaidi alikuwa mzee mmoja wa Sweden. Alikuja jukwaani na mkewe, akatuambia kwamba walicheza "Malaika" walipokuwa wachumba mwaka 1967. Nikadhani amekosea jina. Baadaye nikajua kwamba bendi ya huko kwao, Hep Stars, ilikuwa imeurekodi kweli na ukapendwa sana Sweden. Kinanda cha bendi hiyo kilipigwa na Benny Andersson, kijana ambaye miaka michache baadaye angejulikana dunia nzima kwa kundi la ABBA. Fikirieni: wimbo wa mahari uliotoka Nairobi ukachezwa na wachumba wa Sweden miaka michache tu baada ya kurekodiwa, kabla ya intaneti, kabla hata ya kaseti kuenea.

Mwanzoni mambo haya yaliniuma. Kila jina la kigeni lilipotajwa nilitaka kusimamisha muziki na kueleza. Taratibu nikaanza kuuliza swali lingine: nini kimebaki katika matoleo haya yote? Boney M wameupamba kwa ala nyingi za dansi la Ulaya. Kidjo anauimba kwa sauti ambayo Fadhili William hakuwa nayo wala hakuihitaji. Belafonte na Makeba wanaulizana na kujibizana. Hata matamshi ya Kiswahili yanatofautiana, na mengine yanaumiza sikio la mtu wa pwani. Lakini mahadhi hayajaguswa, mwendo wa taratibu umebaki, na lile jina linalorudiwa limebaki. Mtoto wa Voi akiyasikia yote hayo atatambua ndani ya pumzi ya kwanza kwamba ni wimbo uleule.

Hapo nimepata kipimo ninachokitumia mpaka leo. Mpe mtu mwingine wimbo wako auimbe, tena ikiwezekana mtu mwenye sauti na tabia tofauti kabisa na yako. Kama unakufa pale sauti yako inapoondolewa, bado haujawa wimbo. Ni wewe tu. Vijana wengi wa leo wanatunga kwa ajili ya namna yao ya kutamka, vituko vyao, majina yao yanayotajwa ndani. Inapendeza kwa msimu wake. Lakini mkitaka kuimbwa na watu msiowajua, acheni mlango wazi kwao.

Na Makeba tumpe haki yake hapa. Wengi ng'ambo mpaka leo wanaamini wimbo ni wake, jambo ambalo si kweli, lakini bila yeye usingefika mbali vile. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya nyumbani. Mwaka 1963 alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa kueleza maovu ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, serikali ya nchi yake ikamfutia uraia, na hakurudi kwao mpaka mwaka 1990. Mtu aliyezuiwa kurudi nyumbani anapoimba habari ya kumpenda usiyeweza kumfikia, msikilizaji halazimiki kujua Kiswahili.

4. Andika jina lako kabla hujaimba mbele ya mtu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watunzi wa kwetu wanapoumia.

Nani aliutunga "Malaika"? Rekodi ya kwanza iliyojulikana ni ya Fadhili William, na kwa wengi yeye ndiye mwenye wimbo. Adam Salim alisema ni yeye aliyeutunga, tena miaka ya 1940, akiwa Nairobi, kwa sababu ya msichana aliyempenda na kumkosa. Jina la Grant Charo nalo hutajwa na wanaofuatilia historia ya muziki wa Kenya. Mimi sikukaa na yeyote kati yao alipokuwa akitunga, kwa hiyo sitawahukumu wazee. Ninachokiona wazi ni hiki: miaka ile wimbo ulitoka mdomoni kwenda sikioni. Uliimbwa kwenye nyumba za wafanyakazi, kwenye vilabu, kwenye dansi la Jumamosi, na aliyebahatika kufika studio ndiye jina lake lilibandikwa kwenye santuri. Mwenye mtambo naye alikuwa na nguvu zake. Mjini Nairobi ilikuwepo Equator Sound Studios ya Charles Worrod, na wanamuziki wengi wa enzi ile walipitia hapo. Karatasi ya kuonyesha nani alitunga nini, lini, mbele ya nani, haikuwa desturi.

Kisha wimbo ukaondoka. Ukaenda Amerika, ukaenda Ulaya, ukaanza kuingiza fedha ambazo watu wa nyumbani walizisikia kwa mbali. Fadhili William aliishi Marekani miaka mingi kabla ya kurudi Kenya, na alifariki mwaka 2001 huku mabishano hayajaisha. Hayajaisha hata sasa. Inanisikitisha kwamba wimbo unaosimulia mtu aliyekosa kwa ajili ya fedha uliwaacha wenyewe wakigombea fedha.

Yaliyonipata mimi ni madogo, lakini nayasema ili mjue jambo hili si la wazee peke yao. Bendi yetu iliwahi kurekodi katika studio moja ya mjini. Nyimbo mbili zilikuwa nimezitunga mimi, maneno na mahadhi. Kaseti zilipotoka, mahali pa mtunzi paliandikwa jina la mwenye studio. Tulipoenda kuuliza, tukaonyeshwa karatasi tuliyotia saini siku tuliyolipwa nauli. Tulikuwa tumeambiwa ni risiti. Baba mmoja wa mtaani kwetu, karani wa mahakama aliyestaafu, akaisoma akiwa amevua miwani na kuiweka karibu kabisa na jicho, kisha akanirudishia bila neno. Ilikuwa inasema tumeuza kila haki, milele.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na fanyeni kabla hamjauimba hata kwa wachumba wenu. Andika maneno daftarini na tarehe juu yake. Jirekodi kwa simu, hata kwa sauti ya usingizi, umtumie mtu unayemwamini ili tarehe ibaki. Kama mmetunga wengi, kaeni kabla ya kwenda studio mgawane kwa maandishi: nani maneno, nani mahadhi, nani sehemu gani. Ni mazungumzo magumu, lakini ni mepesi mkiwa maskini pamoja kuliko mkishaanza kupata. Sajilini kazi: Kenya ipo Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, iliyotokana na sheria ya mwaka 2001, Tanzania ipo COSOTA, iliyotokana na sheria ya mwaka 1999. Na mkipewa karatasi, tafuteni ndani yake mambo mawili ambayo wajanja hupenda kuyachanganya. Lipo suala la rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa siku ile, na lipo suala la utunzi, yaani wimbo wenyewe utakaoimbwa na wengine kesho. Mtu anaweza kununua la kwanza bila kugusa la pili. "Malaika" umeingiza fedha kwa rekodi nyingi sana, lakini utunzi ni mmoja.

5. Nyimbo jirani zilibaki wapi?

Swali hili niliulizwa na mwanafunzi wangu mmoja wa kike, mpigaji mzuri wa besi, na sikuwa na jibu la haraka. Akaniuliza: "Mwalimu, mbona Daudi Kabaka alikuwa mkali kuliko Fadhili, na nje hawamjui?"

Ana hoja. Daudi Kabaka alikuwa mfalme wa twisti wa Afrika Mashariki. Nyimbo zake zina akili na mapigo, na "Msichana wa Elimu" bado unachangamsha watu wa rika langu nchini Kenya. Wala si kwamba hakufika nje kabisa. Mwaka 1968 kundi la Uingereza, The Tremeloes, lilirekodi "Helule Helule" wake na ukapigwa sana huko. Yeye na Fadhili walifanya kazi Equator, na wote wawili walifariki mwaka 2001.

Tulikaa na yule binti tukasikiliza nyimbo zao moja baada ya nyingine, jioni nzima. Tulichokubaliana ni kwamba twisti ni nguo ya msimu. Watu walipoacha kucheza twisti, nyimbo zilizoshonwa kwa ajili ya twisti zilibaki kabatini, nzuri kama zilivyo, zikingoja siku ya kumbukumbu. "Malaika" haukushonwa kwa mtindo wowote wa kucheza. Hata Fadhili mwenyewe alikuwa na nyimbo za mjini zilizochangamka, kama "Taxi Driver", na hizo leo wanazijua wapenzi wa zilipendwa peke yao.

Siwaambii msitunge nyimbo za kucheza. Bendi bila nyimbo za kucheza hailipi kodi ya nyumba. Lakini mjue mnapotunga ni ipi mnaitunga kwa ajili ya Jumamosi hii na ni ipi mnaitunga kwa ajili ya mtu ambaye bado hajazaliwa, na hiyo ya pili msiivalishe mapigo yanayotamba mwezi huu.

6. Rudini kwenye rekodi ya mzee

Wanafunzi wengi hunijia wakiwa wameusikia "Malaika" kwa Makeba au kwa Kidjo tu. Nawawekea ya Fadhili William. Mara zote naona jambo lilelile usoni mwao: wanasubiri sauti ipae, haipai. Ni sauti ya kijana wa kawaida, imetulia, karibu anaongea. Magitaa hayashindani. Hakuna mahali anapojaribu kukuonyesha kwamba anajua kuimba. Mmoja aliniuliza kama ndiyo imekwisha, kwa sababu alikuwa bado anangoja sehemu kubwa ije.

Haiji, na nampenda mzee kwa hilo. Waliomfuata wameongeza nguvu, na wengine wameongeza kwa haki kabisa, lakini yeye aliurekodi kama mtu asiye na pesa anavyosema hana pesa, bila kupaza sauti.

Basi, wewe unayesoma hapa na una wimbo nusu kwenye simu yako: leo jioni itafute rekodi hiyo ya Fadhili William, uisikilize ukiwa peke yako, mara ya kwanza bila gitaa mkononi. Kisha urudi kwenye wimbo wako, utoe kila kinachozidi, uandike tarehe na jina lako juu ya ukurasa, na ukishamaliza njoo utupigie barazani. Nafasi ya kukaa ipo, na gitaa la pili lipo.